Hina ya Mama Sharifa

Mama Mwanahamisi alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenzake wote pale Urgence, chumba cha dharura cha hospitali: alianzia nyuma. Wenzake wakifungua mlango asubuhi waliwakimbilia wanaopiga mayowe. Yeye alizunguka mabenchi taratibu na kuanza na wale walioegemea ukuta bila kusema neno. Alifundishwa hivyo na Sista Germaine, mtawa wa Kibelgiji mwenye mikono mikubwa na hasira za karibu, aliyeondoka mji wa Kindu mwaka wa sitini bila kumwachia diploma wala cheti wala barua. Alimwachia desturi hiyo tu, pamoja na saa ndogo ya kubandika kifuani kwa ajili ya kuhesabia mapigo ya mshipa. Mwaka 1976 saa ilikuwa ingali inakwenda, na Mwanahamisi naye.

Tusifichane, mama huyu alikuwa na majivuno. Alitembea katikati ya chumba kile kama mwenye nyumba, kilemba kimekazwa, na ukimwuliza amezalisha watoto wangapi Kindu hii alikuambia uende sokoni ukahesabu vichwa. Lakini majivuno yake yalikuwa na msingi, maana alijua kazi. Watu wa aina hiyo ni wachache, na wakijisifu kidogo mimi binafsi nawasamehe.

Mwanzoni mwa mwaka ule alikuja daktari mpya kutoka Kinshasa, Munganga Okito, mpasuaji kijana mwenye miwani mizito na hamu ya kupanga mambo. Alikuja na boksi la kadi za rangi tatu. Nyekundu ni ya mtu asiyeweza kungoja hata kidogo, njano ni ya mtu wa kungoja kwa kuangaliwa, kijani ni ya mtu wa kungoja tu. Kabla ya hapo aliyetangulia kufika ndiye aliyetangulia kuonwa, hata kama alikuja na jipu na aliye nyuma yake anakata roho. Kwa hiyo kadi zilikuwa jambo jema, na Mwanahamisi alizisifu, ingawa kimoyomoyo.

Kilichomchoma ni sheria iliyokuja na kadi. Munganga alisema mbele ya wafanyakazi wote kwamba kadi zitatolewa na mwenye diploma peke yake. Mwenye diploma alikuwa Isidore, kijana wa miaka ishirini na sita. Kwenye karatasi za serikali aliandikwa jina la babu yake, kwa kuwa majina ya Kizungu yalikuwa yamepigwa marufuku, lakini mama yake na mtaa mzima waliendelea kumwita Isidore. Wengine wote wangepima homa na kushika watoto. Asiye na diploma akigusa kadi, Munganga alisema, atahamia kufua mashuka hadi siku ya kustaafu. Mwanahamisi alikuwa amebakiza miaka miwili. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kutafuta vipimajoto.

Munganga alimfundisha Isidore njia ya haraka: anza na mikono. Tazama kiganja, bonyeza ukucha, uachie, uone kama damu inarudi. Watoto wengi walikuwa wakifika na malaria iliyowanyonya damu, viganja vyao vyeupe kama unga wa muhogo, na njia hiyo iliwaokoa wengi. Isidore aliifuata kwa uaminifu, wala hakuwa mvivu.

Jumatano moja, siku tatu baada ya Idi ndogo, mabenchi yalijaa hadi mlangoni. Mbele kabisa kulikuwa na mvuvi wa Lokandu mwenye ndoana iliyozama kwenye kidole gumba, anapiga kelele za kusikika ng'ambo ya mto. Katikati ya fujo hiyo akaingia Mama Sharifa, amemshika mkono mkwe wake Aziza.

Mama Sharifa hakuhitaji kutambulishwa. Alikuwa fundi wa hina wa mtaa wote wa Kasuku. Bibi harusi ambaye hakupakwa na yeye alionekana kama aliyeolewa kwa haraka. Hina yake ilikolea ikawa nyekundu ya kuelekea weusi, kuanzia kucha zote kumi hadi katikati ya viganja, na hakuna aliyejua alichanganya nini. Aziza, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa ameolewa na mwanawe miezi minne tu. Mwanawe mwenyewe alikuwa safarini Kampene na mali ya dukani. Kwa Idi, Sharifa alimpaka mkwe wake kwa siku mbili nzima, akamtembeza mtaani ili mikono ile ionekane.

"Ni malaria tu," Sharifa alimwambia Isidore. "Tumbo inamuuma kiloko, kidogo tu, na asubuhi alianguka pale kisimani. Mumupatie Nivaquine tuende."

Isidore alishika mikono ya Aziza. Ilikuwa mizuri sana, ya kuvutia macho. Kiganja chekundu, ukucha mwekundu. Aliubonyeza kwa haraka, rangi haikubadilika, na mvuvi wa Lokandu alikuwa anamvuta koti. Akampa Aziza kadi ya kijani.

"Mungoye pale nyuma, Mama. Damu yake iko muzuri."

"Minajua iko muzuri," alisema Sharifa, akatazama huku na huku kuona kama watu wamesikia.

Mwanahamisi, kama kawaida yake, alianzia nyuma. Alimkuta Aziza ameegemeza kichwa ukutani, amefumba macho. Watu wengine wangemwona anasinzia. Mwanahamisi aliona jasho jembamba juu ya mdomo, na asubuhi ile ilikuwa na baridi. Aliona jinsi alivyopiga mwayo, kisha mwingine, kisha wa tatu. Mtu mwenye usingizi tu hapigi miayo vile. Ni mwili unaotafuta hewa. Akamshika kifundo cha mkono. Kilikuwa cha baridi, na mshipa ulikuwa unakimbia kwa udogo sana, kiasi cha kupotea chini ya kidole. Akatazama saa ya Sista. Mapigo mia na thelathini na sita.

"Mama, maji," Aziza alinong'ona. "Nipatie maji."

"Amefunga sana, njo maana iko na kiu," alidakia Sharifa, na sauti yake ikapanda ili benchi la jirani lisipitwe. "Huyu mutoto alifunga Ramazani yote! Siku makumi tatu, ata moja hakukula. Mabibi wengine wa umri yake wanakula siku sita, siku saba, halafu wanalipa nyuma. Huyu, ata moja!"

Wanawake wa benchi la jirani walimpongeza. Mwanahamisi hakumpongeza. Maneno yale yalimwingia vingine kabisa. Mwanamke kijana, mzima, ameolewa karibuni, amefunga siku thelathini bila kula hata moja. Mwezi mzima umepita na siku zake hazikuja. Na mama mkwe anatangaza hayo mtaani kama sifa, hajajiuliza kwa nini.

Au alijiuliza, akanyamaza. Kwa watu wa Kasuku mimba ya kwanza haisemwi kabla haijajionyesha yenyewe, tena haisemwi kamwe mbele ya benchi lililojaa majirani. Ukimwuliza mtu waziwazi, atakana hadi kesho. Mwanahamisi alijua hilo kwa sababu yeye mwenyewe angekana. Akamshika Aziza kiunoni, akampeleka nyuma ya pazia la kupimia, hatua sita tu, na katika hatua ya tano magoti ya msichana yakalegea. Akamlaza.

"Mwanangu," alimwambia sikioni, "mara ya mwisho uliacha kusali lini?"

Aziza alielewa mara moja. Hilo ni swali ambalo mwanamke anaweza kumjibu mwanamke mwenzake bila kuvunja heshima, maana siku zile za mwezi ndizo siku ambazo mkeka wa kuswalia hukunjwa.

"Mbele ya Ramazani," alisema. "Wiki mbili mbele."

"Na tangu pale?"

"Ninasali kila siku."

Wiki sita na zaidi. Mwanahamisi aliweka mkono juu ya tumbo. Lilikuwa limekaza, na upande wa kushoto chini Aziza aliuma kikwembe chake, kitenge alichojifunga, asipige kelele.

"Kuko fasi ingine inauma?"

"Bega," Aziza alisema, kama anayeona aibu kwa kusema upuuzi. "Sijui ju ya nini. Sikubeba kitu. Nikilala, bega njo inazidi."

Hapo Mwanahamisi akaogopa hasa. Bega lisilobeba kitu, linalouma mtu akilala: Sista Germaine alimwonyesha jambo hilo mara mbili katika miaka kumi, na mara moja kati ya hizo mbili walichelewa. Ni damu iliyomwagika ndani ya tumbo inayopanda hadi chini ya mbavu. Akavuta ukope wa chini wa Aziza. Nje kulikuwa na mstari mweusi wa wanja, na ndani, mahali ambapo pangekuwa pekundu, palikuwa peupe kabisa. Alitazama tena ile mikono mizuri iliyolala juu ya kikwembe, na akaelewa kilichompata Isidore. Hina ya Mama Sharifa ilikuwa imempaka msichana damu asiyokuwa nayo.

Alitoka kwenda mezani. "Isidore, yule bibi mutoto ni nyekundu. Mimba imepasuka inje ya fasi yake. Anamwaga damu ndani."

Isidore aliinua macho. Alimheshimu mama huyu, alizaliwa mikononi mwake, na hapo ndipo penye taabu. "Mama, niliangalia mikono. Na Munganga iko ndani na Citoyen Musafiri. Alisema muntu asiingie."

Citoyen, yaani Raia, ndivyo watu walivyoamriwa kuitana siku zile, na Musafiri huyu alikuwa katibu wa chama mtaani, mtu mkubwa mwenye ngiri kubwa, na upasuaji wake ulipangwa tangu wiki iliyopita. Jambo baya zaidi Isidore alilisema kwa sauti ya chini: lilikuwa limebaki pipa moja tu la nguo na vyombo vilivyochemshwa kwa mvuke. Likifunguliwa kwa ajili ya ngiri, pipa jingine lingetaka saa mbili na nusu juu ya mkaa. Aziza hakuwa na saa mbili na nusu. Kwa mshipa ule, Mwanahamisi hakuwa na hakika ana saa moja.

Alitazama boksi la kadi. Nataka mwelewe vizuri kilichokuwa mezani pale. Akiwa amekosea, angekuwa mzee asiye na diploma aliyemshusha mkubwa wa chama kitandani kwa ajili ya malaria ya msichana. Angemaliza miaka yake ishirini na sita ya kazi akisugua mashuka ya watu, na mji mzima ungejua. Aliyapima hayo yote kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Kisha akachukua kadi nyekundu, akavua viatu, akasukuma mlango wa chumba cha upasuaji.

Munganga Okito alikuwa amenawa, mikono juu, maji yanachuruzika viwikoni. Citoyen Musafiri alikuwa amelala chali, tumbo kama mlima, amekataa kubandua beji ya chama kwenye shati lake hadi dakika ya mwisho. Pipa lilikuwa pembeni, bado limefungwa.

"Munganga, usifungule pipa," alisema Mwanahamisi. "Kuko muntu anakufwa inje."

"Nani amekupa ile kadi?"

"Nilibeba mwenyewe."

Munganga alimtazama juu ya miwani. Mwanahamisi hakuinamisha kichwa. Alieleza kama Sista alivyomzoeza, bila kuomba radhi na bila kupamba: miaka kumi na tisa, wiki sita bila kuacha sala, ameanguka kisimani, mapigo mia na thelathini na sita, anapiga miayo, ana kiu, tumbo limekaza, bega linauma akilala, ndani ya ukope ni peupe.

"Na mikono?" aliuliza Munganga.

"Mikono njo ya Mama Sharifa, Munganga. Ni hina. Yake yeye haionekane."

Munganga alishusha mikono yake iliyonawa. Kwa mpasuaji hicho si kitu kidogo. Ni kukubali kuanza upya. Alitoka, akaenda nyuma ya pazia, akavuta ukope, akashika mshipa shingoni. Akaomba sindano ndefu. Aliichoma chini ya tumbo, upande, akavuta taratibu, na bomba likajaa damu nyeusi nyeusi. Akaimimina ndani ya kichupa cha kioo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, wakasubiri, yeye na Mwanahamisi. Damu iliyotoka kwenye mshipa kwa bahati mbaya ingeganda. Hii ilikaa vilevile, inacheza ndani ya kichupa.

"Iko vile ulisema," Munganga alimwambia Mwanahamisi. Kisha akapaza sauti: "Isidore! Mutowe Citoyen pale kitandani."

Ikawa kazi ya Mwanahamisi kumweleza mkubwa, maana Isidore alirudi nyuma hadi mlangoni. Citoyen Musafiri alisikiliza, ameshika kikwembe kiunoni. Wote walingoja ngurumo.

"Ngiri yangu iko na miaka tisa," alisema. "Inaweza kungoya pipa ingine." Akashuka mwenyewe, akatoka kwa miguu mitupu na beji yake kifuani, akaketi kwenye benchi kando ya mvuvi wa Lokandu, na mvuvi kwa mara ya kwanza akanyamaza.

Mama Sharifa, kwa kuwa mwanawe alikuwa mbali, alibonyeza dole gumba lake kwenye karatasi ya kukubali. Alikuwa amesikia neno mimba likitamkwa mbele ya watu na hakulikana.

Aziza alipopewa dawa ya usingizi na kupasuliwa, damu ilijaa hadi juu. Akiba ya damu haikuwepo, wala muda wa kutafuta ndugu wa kutoa. Munganga alibana mahali palipopasuka, kisha akamgeukia Mwanahamisi: "Mama, unajua kuchuja?" Alijua. Alishika upawa uliochemshwa, akachota damu ya msichana kutoka tumboni mwake mwenyewe, akaipitisha kwenye shashi zilizokunjwa mara nane, tone kwa tone ndani ya chupa yenye dawa ya kuzuia isigande. Chupa ikatundikwa, damu ikamrudia mwenyewe mkononi. Chupa ya kwanza, ya pili, nusu ya tatu. Hapo Mwanahamisi alijiona, nasema bila kuficha, kuwa ni mtu mkubwa kuliko mtu yeyote aliyewahi kupigiwa ngoma Kindu. Mapigo mia na thelathini. Mia na kumi na nane. Ilipofika mia moja na nne, Munganga alishusha pumzi na kuanza kushona.

Mimba haikuweza kuokolewa, na hilo lilimuuma kila mtu. Lakini mrija wa uzazi wa upande wa pili ulikuwa mzima, na Munganga alisema Aziza anaweza kuzaa bado. Mwanahamisi alitoka kumwambia Sharifa, aliyekuwa amekaa chini sakafuni, fundi yule mwenye maringo, bila hata kutandika kikwembe.

"Atapona," alimwambia.

Sharifa alilia kwanza. Kisha akatazama vidole vyake mwenyewe vya rangi ya machungwa, vilivyopaka watu kwa miaka thelathini. "Isidore alisema damu iko muzuri. Ilikuwa rangi yangu?"

Mwanahamisi angeweza kumdanganya kwa huruma, lakini hakuwa mtu wa namna hiyo. "Njo rangi yako ilimuficha," alisema. "Na kinywa yako njo ilimutoa. Ungenyamazia zile siku makumi tatu, singejua."

Kesho yake asubuhi Mwanahamisi alikuta boksi la kadi juu ya kigoda chake. Munganga alikuwa amesimama pale, anasafisha miwani ambayo ilikuwa safi. Alisema kwamba sheria ya diploma aliitunga yeye, na kwamba kuanzia leo Mama atatoa kadi na Isidore ataandika. Akaongeza kwamba angependa kufundishwa ile habari ya kuuliza sala. Mwanahamisi aliitikia kwa kichwa, kama siku ile ya kwanza. Tofauti ni kwamba mara hii alichelewa kukiinamisha, ili aonekane na wote.

Mama Sharifa hakurudi kushukuru. Wiki zilipita, hata salamu hakutuma, na Mwanahamisi alidhani ameudhika kwa kuambiwa ukweli. Ikafika Idi kubwa. Siku ya pili ya sikukuu Urgence ilijaa kama kawaida, watu wameshiba nyama kupita kiasi. Mwanamke mmoja wa Kasuku, mwenye homa, alipofika mezani alinyoosha mkono wa kushoto kabla hajaombwa. Hina ilikuwa ya Sharifa, hakuna asiyeijua. Vidole vinne vilikuwa vimekolea hadi weusi. Kidole cha mwisho, kidogo, hakikupakwa chochote, ukucha wake umeachwa kama alivyouumba Mungu.

"Hii amesahau?" Isidore aliuliza.

"Anafanyia wote hivi sasa," alisema yule mwanamke. "Ata mabibi harusi. Ukikataa, hakupake. Anasema hii kidole njo ya Mama wa Urgence."

Mwanahamisi alipomaliza na mwanamke yule aliinua macho, na nyuma kabisa, kwenye benchi la ukutani, akamwona Aziza. Alikuwa amekuja kuonyesha kovu lake kwa Munganga, amenona kidogo, amevaa kikwembe kipya, na Sharifa kando yake anatazama dari. Mwanahamisi alizunguka mabenchi, akapiga goti lenye maumivu, akaushika ule mkono uliopambwa tena kwa siku mbili nzima. Akabonyeza ukucha mtupu. Ukawa mweupe. Akaachia, na wote wawili, yeye na fundi wa hina, wakaiona damu ikirudi.